Kuwapeleka Watoto Kuona Mifugo: Mwongozo Kamili wa Siku ya Familia Shambani

Familia nyingi hurudi kutoka shambani na picha tele kwenye simu, lakini ukimuuliza mtoto ng'ombe hulaje, anabaki kukutazama. Mbuzi walimkimbia. Mdogo wake alipigwa kikumbo na kondoo, akalia mpaka wakaondoka. Chakula kililiwa palepale kando ya zizi bila kunawa, na siku chache baadaye mmoja wao akaanza kuhara.

Safari hizi huharibika kwa sababu ileile: haraka. Watu wanataka kuona kila mnyama kwa saa moja, kwa hiyo wanawakimbilia, na mnyama anayekimbiliwa naye hukimbia. Ninachokusihi ni kinyume chake. Chagueni wanyama watatu tu, mkae na kila mmoja kwa muda mrefu, na mwacheni mnyama mwenyewe aamue kusogea. Mkibanwa na muda, punguzeni wanyama, msipunguze hatua.

## Vitu vya kuandaa

- Viatu vilivyofunika mguu mzima, ikiwezekana gambuti. Kandambili ziachwe nyumbani: kwato ikikanyaga vidole wazi, siku imekwisha.
- Suruali ndefu, na nguo za kubadilisha kwa kila mtoto.
- Sabuni ya maji na taulo ndogo kwa kila mtu, hata kama umeambiwa shambani zipo.
- Plasta za kufunika kila mchubuko na kidonda mikononi.
- Maji ya kunywa na chakula, vikiwa kwenye chombo kinachofungwa, kitakachobaki mbali na mabanda.
- Mfuko imara wa kuwekea viatu vichafu mkiondoka.
- Daftari na penseli. Simu inatosha kwa picha, lakini mtoto anayechora sikio la mbuzi hulitazama sikio hilo kwa makini.
- Kofia, na dawa ya pumu au ya mzio kwa anayeitumia. Vumbi la nyasi kavu na manyoya huamsha pumu haraka.

Usibebe chakula cha kuwapa wanyama. Sababu iko kwenye hatua ya 5. Mbwa wa nyumbani naye asije: ng'ombe mwenye ndama humwona mbwa kuwa adui, na anaweza kumshambulia pamoja na aliyemshika.

## Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kwenda

Muulize mfugaji au msimamizi maswali haya: Wanyama gani wanaruhusiwa kuguswa? Saa za kulisha na kukama ni zipi? Kuna maji yanayotiririka na sabuni? Kuna sehemu ya kulia chakula iliyo mbali na mabanda? Kuna mnyama aliyezaa karibuni?

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukifika wakati wa kulisha au kukama, utaona kazi halisi ikifanyika. Ukifika jua la utosi, wengi watakuwa kivulini wamelala. Aliyekuja kumwona ng'ombe, hata hivyo, hapotezi kitu, kwa sababu ng'ombe aliyelala kivulini ndiye anayecheua, na hilo ni somo zima.

Onyo: Mjamzito asikaribie kondoo au mbuzi wanaozaa au waliozaa karibuni, wala wanao wachanga, wala asiguse kitu kilichochafuliwa na uchafu wa uzazi. Wanyama hao wanaweza kubeba vijidudu vinavyoharibu mimba.

Ukijibiwa kwamba hakuna maji ya kunawa, tafuta shamba lingine. Hapo pasiwe na mjadala.

## Hatua ya 2: Waandae watoto jioni moja kabla

Mtoto hawezi kujifunza sheria huku ndama amesimama mbele yake. Atakuwa hasikii. Zifundishe nyumbani, ziwe chache:

1. Tunatembea, hatukimbii, hatupigi kelele.
2. Hatuingii zizini wala hatumgusi mnyama kabla ya mwenyeji kusema ndiyo.
3. Vidole haviingii mdomoni mpaka tunawe.
4. Mnyama akiondoka, tunamwacha aende.

Fanyeni mazoezi ya kiganja: mkono umenyooshwa wazi, vidole vimebanana, dole gumba limelala kando ya kiganja. Weka punje ya mahindi katikati, ujifanye punda, uichukue. Watoto hucheka, lakini kesho yake mkono unajua cha kufanya.

Kisha kila mtoto achague mnyama mmoja na swali moja analotaka kupata jibu lake. Andikeni daftarini. Swali hilo ndilo litakalomtuliza mahali pamoja.

Onyo: Mwenye mafua ya homa abaki nyumbani, kwani binadamu anaweza kuwaambukiza nguruwe. Na kama mnafuga kuku kwenu, vaeni viatu visivyoingia bandani kwenu, ili msipeleke wala msilete ugonjwa wa ndege. Watoto walio chini ya miaka 5 wapewe mtu mzima mmoja kila mmoja, kwa kuwa ndio wanaougua vibaya zaidi na ndio wanaotia mikono mdomoni bila kufikiri.

## Hatua ya 3: Mkifika, tazameni dakika kumi bila kugusa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua siku nzima. Simameni nje ya uzio. Mtoto aelezwe kwamba mnyama anazungumza kwa masikio, mkia na miguu, nasi tunamsoma kabla ya kumsogelea.

Anzeni na macho. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi, punda na sungura wana macho pembeni mwa kichwa. Wanaona karibu pande zote, isipokuwa sehemu mbili: nyuma yao kabisa, na mbele kidogo chini ya pua. Ukitokea nyuma, mnyama anashtuka kwa sababu hakukuona ukija. Ukimnyooshea mkono ghafla puani, anarudi nyuma kwa sababu mkono umeibuka kutoka pasipoonekana. Watoto wakielewa hili, nusu ya mafunzo ya usalama imekwisha.

Mwambie mtoto aangalie mboni ya mbuzi. Si duara kama yetu, imelala mlalo. Umbo hilo humpa upeo mpana wa kuona adui anayekuja kutoka pembeni. Mbuzi anapoinama kula, jicho huzunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Simameni mahali mnapoona uso wake kutoka kando, kisha msubirini ainame.

Sasa someni hali yake:

Farasi na punda. Masikio yakielekea mbele, ana udadisi. Yakilala nyuma kabisa yakabana shingo, amekasirika, ondokeni. Mguu mmoja wa nyuma ukipumzika kwa ncha ya kwato huku mdomo umelegea, anapumzika.

Ng'ombe. Aliyetulia hucheua, na mkia wake hupunga nzi polepole. Anayeinamisha kichwa, anayekuonyesha ubavu wake wote, au anayeparura ardhi kwa kwato anakuonya.

Mbuzi na kondoo. Mguu wa mbele ukipigwa chini kwa nguvu, maana yake ni moja: usisogee.

Kuku. Mwenye vifaranga akivimbisha manyoya na kushusha mabawa, mpeni nafasi. Anawalinda.

Utajua mmefaulu pale wanyama waliowageukia mlipofika wanaporudi kwenye shughuli zao. Wakiendelea kuwakodolea macho, bado hamjazoeleka. Ongezeni dakika.

## Hatua ya 4: Kumkaribia na kumgusa

Mwenyeji akiruhusu, nendeni mmoja mmoja. Watoto watano wakimzunguka mbuzi mmoja, mbuzi anaona amenaswa, naye atatafuta njia ya kutoka katikati ya miguu yao.

Mjieni kutoka upande wa bega, kwa hatua za pole, mkiongea kwa sauti ya chini ili ajue mlipo. Simameni hatua mbili kutoka kwake. Nyosheni mkono polepole chini ya usawa wa kidevu chake, muache anuse. Akinusa na kubaki, mguse shingo au bega kwa kiganja kizima, kwa mkandamizo wa wastani. Kumgusagusa kwa ncha za vidole humsumbua, maana humpa hisia ya nzi.

Usimguse paji la uso. Mbuzi na kondoo hupimana nguvu kwa vichwa, na mtoto anayemsukuma kipajini anamfundisha mchezo ambao utaishia kwa kuangushwa. Wanambuzi wanaochezewa hivyo hukua wakiwa wasumbufu kwa kila mgeni.

Kwa kuku na sungura, mtoto achuchumae au aketi chini, maana kwao binadamu aliyesimama ni mkubwa mno. Sungura asibebwe na mtoto mdogo akiwa amesimama. Ana miguu ya nyuma yenye nguvu sana na mifupa myepesi, hivyo akitapatapa bila kushikwa makalio anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mtoto aketi, sungura awekwe mapajani na mtu mzima, basi. Kwa ng'ombe, farasi na punda ni kinyume: usichuchumae wala usipige magoti karibu nao, kwa kuwa hutaweza kuondoka haraka.

Maonyo ya hatua hii:

Usipite nyuma ya farasi au punda isipokuwa uko mbali kwa mita tatu au zaidi. Ng'ombe ana teke tofauti: mguu wake wa nyuma hufagia kwenda mbele na pembeni, kwa hiyo hata aliyesimama ubavuni usawa wa kiwele yuko njiani.

Usizungushe kamba ya mnyama mkononi au kiunoni mwa mtoto. Mnyama akikimbia, kamba hukaza na kumburuta.

Fahali, beberu na kondoo dume watazamwe kutoka nje ya uzio tu, hata kama mwenyeji anasema wao ni wapole. Jogoo na bata bukini nao wana tabia ya kulinda eneo. Akija amenyoosha shingo, mtoto asimame nyuma ya mtu mzima na mrudi kinyumenyume. Akimpa mgongo na kukimbia, atafukuzwa.

Mmefaulu ikiwa mnyama ameinamisha shingo kuelekea mkono, au amebaki alipo huku akiendelea kula. Akiondoka, mtoto amsifu kwa sauti ya chini kwamba amesema anachotaka. Kumfuata ni kuvunja kazi yote ya dakika kumi za mwanzo.

## Hatua ya 5: Kumlisha

Mlishe kile tu anachokupa mfugaji. Tumbo la ng'ombe, mbuzi au kondoo limezoea nyasi na majani. Mkate, biskuti au nafaka nyingi kwa ghafla huchachuka tumboni, asidi ikapanda, na mnyama anaweza kufa. Kondoo ana hatari nyingine: chakula cha nguruwe au kuku kinaweza kuwa na madini ya shaba kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili. Majani ya mparachichi, ambayo mtu anaweza kuyachuma kwa nia njema, ni sumu kwa mbuzi.

Takataka nazo zichungwe. Ng'ombe huzungushia ulimi fungu la nyasi na kulimeza bila kutafuna sana, kwa hiyo msumari au kipande cha waya huingia pamoja nalo. Chuma hicho hutulia kwenye tumbo la pili, lililo karibu na moyo, na kinaweza kulitoboa. Mfuko wa plastiki nao hubaki tumboni, hausagiki. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuhesabu mifuko na kamba mlizokuja nazo, na kuzihesabu tena mkiondoka.

Chakula kiwekwe kwenye kiganja kilichonyooka kama mlivyofanya mazoezi. Mtoto akiogopa, kiwekwe kwenye hori. Usimlazimishe. Anayelazimishwa huondosha mkono dakika ya mwisho, na hapo ndipo kidole hubanwa. Mbuzi wakianza kusukumana, inueni mikono, chakula kimwagwe chini, mtoke.

## Hatua ya 6: Kujifunza kitu cha kweli

Sasa fungueni daftari. Kila mtoto atafute jibu la swali lake kwa macho kwanza, kisha kwa kumuuliza mfugaji. Hizi ni kazi ambazo hufaulu vizuri kwa watoto.

### Ng'ombe: hesabuni anavyotafuna

Tafuteni aliyelala anacheua. Angalieni shingo: mtaona tonge likipanda kutoka tumboni hadi mdomoni. Hesabuni mara anazotafuna mpaka ameze, kwa kawaida mara 40 hadi 70. Baada ya sekunde chache tonge jingine linapanda. Atafanya hivyo kwa takriban saa nane katika siku moja, na kutoa mate zaidi ya lita 100.

Waelezeni watoto kwamba tumbo lake lina vyumba vinne, na kikubwa zaidi kiko upande wa kushoto. Humo wanaishi vijidudu wanaovunja nyasi, kazi ambayo mwili wa ng'ombe peke yake hauiwezi. Mfugaji akikubali, na ng'ombe akiwa mpole, mtu mzima anaweza kubonyeza ngumi kwenye shimo lililo nyuma ya mbavu za kushoto, chini kidogo ya uti wa mgongo. Subiri. Ndani ya dakika moja utahisi tumbo linainuka na kushuka. Hapo mtoto mkubwa anaweza kushikishwa naye.

Ulizeni pia: kwa nini ng'ombe huyu ana maziwa? Watoto wengi hudhani ng'ombe hutoa maziwa maisha yake yote bila sababu. Hutoa kwa sababu amezaa, baada ya kubeba mimba takriban siku 283. Maziwa ya kwanza, dang'a, ni mazito na ya manjano, nayo humpa ndama kinga ambayo hakuzaliwa nayo. Ndiyo maana mfugaji huhangaika ndama ayanywe saa chache za mwanzo.

### Kuku: mfuateni mmoja kwa robo saa

Chagueni kuku mmoja mwenye alama ya kutambulika, mwandike kila anachofanya. Atachakura, atanywa akiinua kichwa ili maji yateremke, atadonoa mchanga. Hana meno. Mchanga na vijiwe hivyo hukaa kwenye firigisi na kusaga chakula. Mkibahatika, atakoga vumbi: atalala ubavu, atajimwagia mchanga mabawani kupunguza utitiri na mafuta ya manyoya. Mtoto asiyejua hudhani anaumwa.

Mtetea hutaga bila jogoo, ila yai hilo halitatoa kifaranga. Lenye jogoo, likiatamiwa, hutotolewa kwa siku 21. La bata wengi huchukua 28.

### Wengine, kwa ufupi

*Mbuzi au kondoo?* Kondoo wengine hawana manyoya mengi, na hata watu wazima huwachanganya. Tazameni mkia: wa mbuzi kwa kawaida husimama, wa kondoo huning'inia. Tazameni pia wanavyokula: mbuzi hutafuta majani ya vichaka, hata akisimama kwa miguu miwili. Kondoo hukata nyasi fupi chini. Na kondoo si mjinga kama anavyosemwa. Utafiti umeonyesha kwamba anaweza kukumbuka sura za kondoo wenzake 50 kwa zaidi ya miaka miwili.

*Nguruwe* hutoa jasho kidogo sana, kwa hiyo hugaragara matopeni kujipoza na kujikinga na jua. Ukimkuta ananyonyesha, angalieni watoto wake: siku za mwanzo baada ya kuzaliwa kila mmoja hujipatia chuchu yake na kuirudia.

*Sungura* ana meno yasiyoacha kukua, ndiyo maana hutafuna siku nzima.

### Maswali magumu

Mtoto atauliza kama mnyama huyu atachinjwa, au kwa nini ndama ametengwa na mama yake. Mjibuni ukweli, kwa sentensi mbili, kwa kiwango cha umri wake: baadhi ya wanyama hapa hufugwa kwa nyama, na kazi ya mfugaji ni kuhakikisha wanaishi vizuri na hawateswi. Uongo mdogo hapa hugunduliwa baadaye, na huumiza zaidi. Mfugaji mzuri haogopi swali hili, kwa hiyo mwacheni mtoto amuulize mwenyewe.

Hatua hii imefaulu kama mtoto anaweza kumweleza mtu ambaye hakuwepo jambo moja aliloliona kwa macho yake, bila kusaidiwa.

## Hatua ya 7: Nawa kwanza, kula baadaye

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye afya kabisa wanaweza kubeba kwenye kinyesi bakteria aitwaye E. coli O157. Kiasi kidogo sana humwangusha mtoto, na kinaweza kuharibu figo zake. Mwaka 2009 huko Surrey, Uingereza, watu 93 waliugua baada ya kutembelea shamba moja lililofunguliwa kwa wageni, wengi wao watoto wadogo. Vifaranga vya kuku na bata wanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Ndama na wanakondoo wanaweza kubeba kriptosporidia, vimelea vinavyoleta kuhara.

Mpangilio uwe huu, bila kurukwa:

1. Maliza kugusa wanyama wote. Msile kidogo kisha mrudi bandani.
2. Vua au safisha viatu kwanza, kisha ndipo unawe. Ukinawa kwanza, utashika tope tena.
3. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha. Mtu mzima amsimamie kila mtoto.
4. Kausha kwa taulo yako.
5. Sasa fungueni chakula, mkiwa mbali na mabanda.

Onyo: Kitakasa mikono hakichukui nafasi ya sabuni. Hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu, na hakiui kriptosporidia. Chuchu ya kubembelezea mtoto ikianguka, iwekwe mfukoni hadi nyumbani. Msinywe maziwa mabichi hata mkikaribishwa kwa upendo, kwani yanaweza kubeba bakteria wa brusela na wa kifua kikuu. Yachemsheni kwanza.

## Hatua ya 8: Nyumbani na siku zinazofuata

Viatu visiingie ndani kabla ya kusuguliwa kwa maji na sabuni. Nguo zifuliwe peke yake. Magurudumu ya kigari cha mtoto husahaulika kila mara: yaoshwe pia, kisha aliyeosha anawe tena.

Jioni hiyo, kabla ya usingizi, mtoto amsimulie mtu asiyekwenda kile alichoandika daftarini. Msahihishe makosa baadaye. Kwanza aongee.

Kwa wiki mbili, mwangalieni kila aliyekwenda. Homa, kutapika, maumivu ya tumbo au kuhara vinahitaji ushauri wa daktari. Kuhara damu, kukojoa kidogo kuliko kawaida, au mtoto kupauka na kulegea ni dharura, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Msimpe dawa ya kuzuia kuhara kabla daktari hajasema. Na sentensi ya kwanza mtakayomwambia daktari iwe kwamba mtoto alikuwa karibu na mifugo, siku gani, na aligusa wanyama gani. Yote hayo mtayakuta daftarini.